Tupeane uzoefu: siku ulipoulizwa "mbwa huyu wa nani?"

Fundi wa Chikongola (Jumanne, saa 3 usiku)
Wakuu, habari za jioni. Leo gari la matangazo limepita mtaani kwetu hapa Mtwara: wenye mbwa wawafungie, atakayekutwa anazurura mtu asilaumiwe. Nikamtazama huyu wangu, Sijali, kalala mlangoni na kandambili yangu mdomoni, roho ikanidunda. Maana Jumamosi kanitia aibu ambayo hata mke wangu sijamsimulia.

Alimuuma mtoto wa jirani kwenye shavu la mguu. Mtoto wa watu anapita zake na beseni la maandazi. Tukaitwa kwa mwenyekiti wa mtaa. "Mbwa wa nani?" Kimya. Mimi nikasema huyo ni mbwa wa mtaa, kila mtu anamlisha. Sijamaliza kusema, Sijali akapenya katikati ya miguu ya watu, akaja kunilalia juu ya viatu, kidevu kakiweka kwenye kidole gumba changu. Watu walicheka mpaka mwenyekiti akavua miwani afute machozi. Nami nikashikilia hapohapo: wa mtaa.

Haya, leteni na zenu, nisiwe peke yangu.

Mzee wa Uraka
Hahaha! Petro wa Chikongola. Jogoo aliwika mara ngapi?

Kisiki cha Newala
Kwetu jirani alimpa mbwa jina Mtasema. Kila alfajiri anatoka uani anaita kwa sauti ya adhana: "Mtasemaaa! Njoo ule!" Mama yangu mdogo akaona anasemwa yeye. Kesi ikafika kwa balozi. Hapo hakuna aliyeuliza mbwa wa nani, swali lilikuwa jina ni la nani. Jirani akaamriwa abadilishe. Kesho yake tukasikia: "Mtanyamazaaa!"

Dereva wa Tandahimba
Mimi nilijifanya msomi. Nikakata mpira wa ndani wa baiskeli, nikamvisha shingoni, nikaandika namba yangu ya simu kwa rangi nyeupe ya mafuta. Wakuu, msijaribu. Wiki ya kwanza nimepigiwa na watu watano. Wa kwanza: mbwa wako kala kuku wangu watatu. Wa pili: kala kuku wawili na kitoweo cha jana. Wa tatu yuko Masasi! Mbwa wangu hata stendi haijui. Nikakata ule mpira.

Mmakonde wa Leicester
Huku Uingereza tangu 2016 ni lazima mbwa awe na chipu. Kidude ukubwa wa punje ya mchele, anachomwa chini ya ngozi katikati ya mabega. Ukimkosa, atakayemwokota anampeleka kwa daktari, anapitishiwa mashine, namba inasoma, wanakupigia. England tangu 2024 mpaka paka. Nyumbani bado mnaulizana kwa mwenyekiti.

Kisiki cha Newala
Kwa hiyo ukiwa kitandani unamwona kwenye ramani alipo? Hiyo nzuri.

Mmakonde wa Leicester
Hapana. Haina betri, haina ramani. Ni namba tu, tarakimu 15. Na ukihama ukabadili simu bila kuwaambia wanaotunza kumbukumbu, ni kazi bure.

Dereva wa Tandahimba
Sasa tofauti na mpira wangu wa baiskeli ni nini? Hapa ng'ombe ndio wamevishwa hereni za serikali. Mbwa ana jina tu, tena la kusutia majirani.

Mtoto wa Pwani
Naona watu wanajadili mashine za mbwa kama wanajadili mtoto wa shule. Sisi huku Mikindani mbwa ni najisi, akilamba chombo kinaoshwa mara saba na mojawapo kwa udongo. Kufuga ni kujitafutia. Malaika hawaingii.

Kisiki cha Newala
Ustadhi, wa kulinda shamba na wa kuwinda wameruhusiwa, usikate maneno. Na watu wa pangoni mbwa wao alilala nao. Nguruwe pori wakikumalizia muhogo utawatuma malaika?

Mtoto wa Pwani
Wa shamba akae shamba. Huyo wa Chikongola analinda kandambili.

Mzee wa Uraka
Dawa ya mbwa mzembe ni pilipili kichaa kwenye ugali, wiki moja tu. Akiwa mkali hakuna atakayeuliza wa nani, wataona kwa mbali.

Binti Nachingwea
Mmenikumbusha kitu ambacho nyumbani kwetu hakitajwi. Wanaocheka waendelee, mimi naandika.

Ilikuwa msimu wa korosho, tuko kambi shambani. Kulikuwa na mbwa anaitwa Bobi. Alikuwa wa babu, babu alipofariki akawa "wa shamba". Mwezi wa saba wachanjaji walipita kijijini na kipaza sauti: chanjo ya kichaa cha mbwa bure, leteni mbwa uwanja wa shule. Baba alijua kaka kampeleka. Kaka alijua baba mdogo kampeleka. Baba mdogo akasema yeye mbwa hana.

Siku moja Bobi akaja kambini taya limemning'inia, ute unachuruzika kama mlenda, akijaribu kubweka inatoka sauti ya kukoroma. Hakuwa mkali hata kidogo. Tungemwona mkali tungekimbia. Kaka yangu akasema masikini, kakwamwa na mfupa. Akamkalisha katikati ya magoti, akaingiza mkono mpaka kooni kutafuta mfupa. Mfupa hakuna. Na vidole vya kaka siku zile vilikuwa vimebabuka kwa mafuta ya maganda ya korosho, waliobangua wanajua. Akajifutia mkono kwenye suruali, akaokota bibo akala. Siku ya pili yake Bobi akafa, tukamfukia chini ya mkorosho.

Ikapita kama miezi miwili. Kaka akaanza kulalamika mkono unamwasha kwa ndani, si kwenye ngozi. Halafu yakaja ya maji. Mama anampa kikombe, kikikaribia mdomo koo linajikunja, kikombe kinamruka mkononi. Kulikuwa na joto, mama mdogo akawa anampepea na kanga. Ule upepo tu wa kanga ulimshtua mwili mzima, akatuomba kwa adabu kabisa, "mama mdogo, naomba uache". Alikuwa na akili zake zote. Hilo ndilo linaloniamsha usiku.

Tukasema majini. Siku mbili zikapotelea kwa mganga. Tulipofika hospitali daktari akauliza, kaumwa na mbwa? Tukajibu hapana, hajaumwa. Akauliza tena: siulizi kuumwa, mbwa yupo nyumbani? Anaumwa? Ni wa nani? Tukaanza kutazamana.

Alifariki alfajiri. Alikuwa na miaka 22.

Dereva wa Tandahimba
Dah. Pole sana dada.

Mama Wawili Lindi
Pole mdogo wangu. Nimesoma mara mbili, mwanangu nimemnyanyua kwenye jamvi alikokuwa anacheza na kabwa ka jirani.

Mzee wa Uraka
Naomba radhi kwa utani wangu wa pilipili. Pole sana mwanangu.

Bwana Mifugo Mstaafu
Pole sana binti. Hicho ni kichaa cha mbwa, aina tunayoiita kichaa baridi, na kinaua watu wema, wale wa "kakwamwa na mfupa". Mate yakikuta kidonda au mkwaruzo yanatosha, si lazima meno. Dalili zikishaanza kwa mtu hakuna tiba, ndiyo maana daktari hakuwa na la kufanya. Kabla ya dalili kinga ipo: sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kwa kutazama saa si kwa kukisia, kisha hospitali kwa sindano. Nilifanya kazi kwenye ule mradi wa kusini ulioanza 2010, wilaya 28 za kusini-mashariki na Pemba. Hesabu ilikuwa kuchanja mbwa 70 katika kila 100 ili ugonjwa ukose njia. Waliotusumbua hawakuwa mbwa wakali. Ni hao hao kina Bobi. Kila nyumba wanakula, hakuna nyumba inayowaleta.

Kisiki cha Newala
Mzee, watoto wa mbwa wanachanjwa? Kwetu tunaambiwa chini ya miezi mitatu hapana.

Bwana Mifugo Mstaafu
Wanachanjwa. Kwenye kampeni leta wote, hata waliobebwa kwenye kikapu. Sasa namtaka mleta uzi. Fundi, Sijali ana kadi ya chanjo? Na huyo mtoto wa maandazi amechomwa sindano?

Mama Wawili Lindi
Hata mimi nilitaka kuuliza hilo. Kaanza na utani kumbe kuna mtoto wa mtu.

Mtoto wa Pwani
Fundi kajificha.

Mzee wa Uraka
Mwacheni apumue. Ila Fundi, siku nyingine mbwa akikujia chuchumaa ujifanye unaokota jiwe. Dawa ya kale hiyo.

Bwana Mifugo Mstaafu
Si kwa mtoto. Mtoto afundishwe kusimama kimya kama mti, mikono chini, asimtazame machoni, asikimbie. Na asimsogelee anayekula au mwenye watoto.

Mzee wa Uraka
Sawa, wewe simama mti, mimi naokota jiwe, tutakutana hospitali.

Fundi wa Chikongola (Jumatano, saa 2 usiku)
Nipo. Sikulala. Kadi ipo, ya miaka miwili iliyopita, haikurudiwa.

Leo asubuhi nimekwenda kwa mama wa mtoto. Nilipiga hodi nikakosa pa kuanzia, nikasema tu, mama, mbwa ni wangu. Akaniangalia akasema, "Mwanangu, mtaa mzima tunajua." Mtoto alichomwa ya kwanza Jumamosi. Ya pili ilikuwa jana, hela ikakosekana, maandazi hayajauzwa. Tumekwenda naye leo, nimelipa mimi. Wamesema imechelewa siku moja lakini tuendelee, wametuandikia tarehe zinazofuata.

Bwana Mifugo, alikuwa anatikisa mkia kabla hajauma. Ndicho kinachonichanganya.

Bwana Mifugo Mstaafu
Mkia ulikuwa juu umekakamaa, unatikisika kwa haraka haraka kama waya?

Fundi wa Chikongola
Ndivyo hivyo.

Bwana Mifugo Mstaafu
Hiyo si furaha. Ni "usisogee". Mfungie, usimuue, wala mtu mwingine asimuue. Maji na chakula, mtazame mpaka zitimie siku 10 tangu Jumamosi. Akibadilika, akikataa kula, taya likilegea, usimguse, piga simu ofisi ya mifugo. Akivuka, ndipo achanjwe. Na sindano za mtoto asikatishe mpaka daktari aseme.

Mama Wawili Lindi
Na mwenyekiti ulimwambia?

Fundi wa Chikongola
Nimekwenda. Kafungua daftari, kaandika: mbwa mmoja, dume, kahawia, Sijali. Akauliza jina la mwenye mbwa. Nikamtajia langu. Akasema subiri, nilishaliandika tangu Jumamosi.

Dereva wa Tandahimba
🤣 Mpe na namba ya simu basi, upigiwe na watu wa Masasi.

Fundi wa Chikongola (Jumamosi, asubuhi)
Siku ya saba. Kala dagaa wote, kaacha ugali.

Bwana Mifugo Mstaafu
Ugali aliukataa au huwa anauacha?

Fundi wa Chikongola
Huwa anauacha.