Kocha wetu anatajwa kwa watani wa jadi: amalize msimu au aondoke sasa?

Mwanatawi wa Temeke anauliza:

Ndugu wanamichezo, habari za leo. Mimi ni mwanachama wa mojawapo ya klabu mbili za Kariakoo, yaani Simba ya Msimbazi na Yanga ya Jangwani. Kwa kuwa hakuna upande uliotoa taarifa rasmi, sitaitaja klabu wala kocha mwenyewe, maana nisingependa tetesi zipate nguvu kupitia kwangu. Kinachosemwa ni kwamba mkataba wa kocha wetu unaelekea ukingoni, mazungumzo ya kuuongeza yamekwama, na watani wetu wa jadi wamekwisha kuonana na wakala wake.

Tawini kwetu jambo hili limetugawa vibaya. Katika mechi iliyopita, timu ilipopata bao la kwanza, vijana waliokaa mbele ya televisheni hawakushangilia mara moja. Walisubiri kamera imwoneshe kocha ili wapime kama amefurahi kweli. Alikuwa akimwita beki wa kulia kumpa maelekezo, kama afanyavyo kila mara tunapofunga, lakini kijana mmoja akasema waziwazi kwamba huyo moyo wake umeshahama. Nilisikitika sana, kwa sababu ni kocha huyohuyo aliyetufikisha hapa tulipo, na ubingwa bado tunauwania.

Naomba maoni yenu katika mambo mawili. Je, ni haki kumwita msaliti mtu ambaye mkataba wake unamalizika? Na je, uongozi umwache amalize msimu, au umwachie njia sasa hivi?

Mkongwe wa Msimbazi anajibu:

Ndugu yangu, pole. Sisi wa Simba tuliyaonja haya Januari 2021, ingawa kocha wetu hakwenda Jangwani bali Morocco. Sven Vandenbroeck alikuwa ametupa ubingwa wa ligi wa 2019/20. Tarehe 6 Januari tuliifunga FC Platinum mabao 4-0 pale Uwanja wa Benjamin Mkapa, tukapindua kipigo cha 1-0 cha Harare na kuingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Kesho yake tukatangaziwa kwamba tumeachana naye, na muda si mrefu akawa kocha wa AS FAR ya Rabat. Watu walilala na furaha wakaamka na msiba.

Lakini angalia kilichofuata. Alikuja Didier Gomes, na mwezi uliofuata tukaifunga Al Ahly 1-0 nyumbani kwa bao la Luis Miquissone, tukaongoza kundi na kufika robo fainali. Kikosi kilikuwa kilekile, na kila mchezaji alijua kwamba aliyeondoka hayupo tena, basi wakamsikiliza aliyekuja. Kwa hiyo jibu langu kwa swali la pili ni kwamba anayetaka kwenda aende mapema. Kuhusu usaliti, mimi naona aliyekosea kwanza ni kiongozi anayemwacha kocha mzuri aingie miezi ya mwisho ya mkataba bila kukaa naye mezani.

Binti wa Jangwani anajibu:

Mzee wangu wa Msimbazi, nakuheshimu, lakini Rabat si Msimbazi. Nasreddine Nabi alipoondoka Yanga mwaka 2023, wiki chache baada ya fainali ya Kombe la Shirikisho ambayo USM Alger walitushinda kwa kanuni ya bao la ugenini tu, jumla ya mabao ikiwa sawa, tulihuzunika na kumtakia heri. Alikuwa ametupa ubingwa mara mbili mfululizo, tena msimu wa 2021/22 bila kupoteza mechi hata moja ya ligi, na alikwenda mahali ambapo hatungekutana naye kila msimu. Akaja Miguel Gamondi, na Novemba mwaka huohuo tukawafunga Simba 5-1. Nani angeendelea kulia?

Kocha akivuka kwenda kwa mtani ni jambo jingine kabisa. Mchezaji anavuka na miguu yake. Clatous Chama alipotoka Simba kuja kwetu Julai 2024 iliwauma wenzetu, lakini Chama alikuja na kipaji chake mwenyewe. Kocha anavuka na siri za nyumba nzima: anajua goti la nani halijapona, nani huvunjika moyo akikemewa, kona zenu zinapangwaje, na nani wa kumwongezea dau ili amfuate. Huo ndio wasiwasi wangu, na sioni kama ni ushabiki usio na akili. Hata hivyo simwiti msaliti mtu aliyeutumikia mkataba wake mpaka siku ya mwisho. Msaliti ni yule anayezungumza na mtani huku akituambia kwamba hakuna kitu.

Mswahili wa Düsseldorf anajibu:

Salaam kutoka Ujerumani. Mwanatawi, swali lako la pili lina mfano ambao sisi tunaoishi jirani na Mönchengladbach hatutausahau, nami naomba niueleze kwa kirefu kidogo.

Mwezi Februari 2021 timu ya hapa, Borussia Mönchengladbach, ilikuwa katika hatua ya 16 bora ya Ligi ya Mabingwa Ulaya na robo fainali ya Kombe la Ujerumani. Tetesi zilikuwa zimezagaa kwa wiki kadhaa. Tarehe 15 ikatangazwa kwamba kocha Marco Rose atakwenda Borussia Dortmund msimu utakapokwisha, kwa kutumia kipengele cha mkataba kilichomruhusu kuondoka kwa fidia ambayo magazeti yaliitaja kuwa euro milioni 5. Mkurugenzi wa michezo, Max Eberl, aliamua kwamba Rose abaki hadi mwisho wa msimu. Kwa karatasi ulikuwa uamuzi wa busara, kwani kocha ni mtaalamu na wachezaji ni wataalamu.

Timu ikapoteza mechi saba mfululizo. Ilifungwa na Mainz. Ikafungwa na Leipzig 3-2 baada ya kuongoza 2-0. Ikatolewa na Manchester City kwa jumla ya mabao 4-0. Na lililouma kuliko yote, ikatolewa katika kombe na Dortmund wenyewe, 1-0, huku kocha akiwa amekaa kwenye benchi letu akiifundisha timu icheze dhidi ya mwajiri wake wa kesho. Msimu ukaisha tukiwa nafasi ya nane, nje ya mashindano ya Ulaya. Siamini kwamba Rose alitaka kufungwa, na sijawahi kusikia mtu makini akisema hivyo. Ila mchezaji anapoambiwa akimbie mita kumi zaidi na mtu ambaye keshafunga mizigo, kuna kitu kinapungua, na katika soka hicho kidogo ndicho kinachoamua mechi.

Kwa hiyo namuunga mkono Mkongwe: likishathibitishwa, aondoke, na msaidizi ashike timu. Lisipothibitishwa, uongozi utamke neno moja lililo wazi. Niongeze kwamba Rose alidumu Dortmund msimu mmoja tu, na aliporudi hapa Septemba 2021 akiwa na timu yake mpya alifungwa 1-0.

Shabiki wa Mombasa anajibu:

Mimi naongeza la upande wa pili, ambalo hamjaligusa: hata anakokwenda hapokelewi. Mwaka 2011 Alex McLeish aliipa Birmingham City Kombe la Ligi kwa kuifunga Arsenal, kisha timu ikashuka daraja. Mwezi Juni akajiuzulu kwa barua pepe na siku chache baadaye akawa kocha wa Aston Villa, mahasimu wa mji huohuo. Mashabiki wa Villa waliandamana nje ya uwanja wao wakimkataa. Msimu mmoja, nafasi ya 16, akafukuzwa. Watani wenu nao wana vijana wao tawini wanaotazama kamera.

Mwanatawi wa Temeke anaandika tena:

Nawashukuru nyote, na hasa ndugu wa Düsseldorf, kwa kuwa hofu yangu ilikuwa hiyohiyo ila sikuwa na mfano wa kuwaonesha wenzangu. Tumekubaliana tawini kwamba hakuna atakayemzomea kocha uwanjani hadi taarifa rasmi itoke. Vilevile katibu wetu ataandika barua kwa uongozi akiuliza mambo matatu: mkataba unakwisha tarehe gani, una kipengele gani cha kuondoka, na kuna msaidizi gani aliyeandaliwa.

Binti wa Jangwani anajibu:

Ongezeni na la nne, kaka yangu: mikataba ya wasaidizi wake, ya kocha wa viungo na ya mchambuzi wa video inakwisha lini. Kocha mkuu akivuka huwa havuki peke yake, na msaidizi mnayetegemea ashike timu huenda naye jina lake limeshaandikwa upande wa pili.