Kompyuta ya mezani ya zamani inanguruma sana, nibadilishe feni zipi?

msikilizaji

Habari wakuu, naombeni msaada. Nina kompyuta ya mezani ya siku nyingi, kwa kazi bado iko vizuri kabisa, nahariri rekodi za sauti humo na sioni sababu ya kuitupa. Shida ni kelele. Nikiwasha asubuhi inaanza na mngurumo mzito wa kukwaruza, krrrr, halafu ikishapata moto mkwaruzo unapungua ila unabaki uvumi, na nikifungua programu nzito ndo inapanda juu mpaka hata hedifoni hazisaidii. Kwa kazi yangu haya ni mateso maana nikisikia kitu kinakwaruza sijui ni cha kwenye rekodi au ni cha chini ya meza.

Ndani nimeona feni tatu, moja nyuma ya kesi, moja juu ya prosesa na moja iko ndani ya pawa saplai. Kadi ya grafiki ya pembeni sina. Nilitaka ninunue feni mpya zote kwa mpigo ila kila ninaposoma wanaongelea pini 3, pini 4, mara 80 mara 92 mara 120, nimechanganyikiwa. Nikibadilisha zote kelele zitaisha? Na nitajuaje zipi zinaingia?

fundi_waya

Mkuu usinunue kitu kwanza. Tafuta ni ipi inapiga kelele, kwa sababu ukibadilisha feni iliyokuwa kimya ukaiacha yenye kelele hutasikia tofauti yoyote. Hata feni mbili zikiwa na kelele sawasawa, ukiizima moja unapunguza desibeli 3 tu, sikio linaona kama hakuna kilichofanyika. Kwa hiyo anza na ile inayoongoza.

Fungua ubavu wa kesi, washa mashine, halafu chukua karatasi ikunje iwe bomba, weka upande mmoja sikioni na upande wa pili uelekeze kwenye feni moja moja bila kugusa mapanga. Utashangaa inavyotenganisha sauti. Ukishakuwa na mshukiwa, gusa kwa kidole kile kitovu cha katikati kinachozunguka, taratibu, mpaka feni isimame sekunde mbili tatu hivi kisha uachie. Kidole kiwe kwenye kitovu tu, kisiende kwenye mapanga. Kelele ikikatika papo hapo umempata mwizi wako. Ya pawa saplai usiguse, hiyo isikilize tu kwa bomba la karatasi.

Na huo mkwaruzo wa asubuhi unaopungua mashine ikipata moto, mi naona kabisa ni beringi. Feni nyingi za bei ya chini zinatumia beringi ya bushi yenye mafuta kidogo, mafuta yakikauka feni inakwaruza ikiwa ya baridi, ikipata joto kile kilichobaki kinalainika kidogo inatulia. Ikifika hapo haiponi, ni ya kubadilisha.

bibi_bisibisi

Naongezea kwa fundi_waya, kabla ya kusikiliza toa vumbi kwanza. Vumbi likiganda kwenye mapanga feni inapoteza balansi inatetemesha kesi nzima, na likiziba kile chuma chenye mapezi cha kupoozea prosesa joto linapanda na feni inalazimika kukimbia muda wote. Zima, chomoa waya wa umeme, tumia brashi laini na blowa, na UNAPOPULIZA SHIKA FENI ISIZUNGUKE. Watu wanapenda kuona feni ikilia vuuu kwa upepo wa blowa, kumbe inazunguka kuliko ilivyotengenezwa na ndo beringi inapokufa.

Vipimo sasa. Pima fremu ya feni kwa rula kutoka ukingo mpaka ukingo, ya pembe mraba, siyo mapanga. Utapata milimita 80, 92, 120 au 140, unene kwa kawaida 25. Kama rula inakusumbua pima kutoka katikati ya tundu moja la skrubu mpaka katikati ya jingine: 71.5 ni feni ya 80, 82.5 ni ya 92, 105 ni ya 120. Pini nazo hazina ugumu, ya pini 3 ni waya wa ardhi, wa volti 12 na wa kupeleka taarifa ya spidi kwenye madabodi (ile bodi kuu ya kompyuta), ya pini 4 ina waya mmoja zaidi ambao madabodi inautumia kuiamuru ipunguze au iongeze mwendo. Feni ya pini 3 inaingia kwenye soketi ya pini 4 na inazunguka, lakini kama madabodi yako haiwezi kushusha volti kwenye soketi hiyo itakimbia spidi ya mwisho muda wote, na hapo utakuwa umenunua kelele mpya. Soketi ikiwa na pini 4 nunua feni ya pini 4, basi.

kesi_wazi

Jamani mbona mnamkimbiza dukani, toa ile stika ya katikati, weka tone moja la mafuta ya cherehani, rudisha stika, feni inakuwa mpya. Mi nafanya hivyo siku zote

fundi_waya

@kesi_wazi inasaidia kwa muda, sikatai, na kama feni haipatikani haraka ni njia nzuri ya kusogeza siku. Lakini bushi ikishalika kuna uwazi ndani, mhimili unacheza, mafuta hayarudishi chuma kilichokwisha. Na asije mtu akaweka mafuta ya kupikia, yanaganda yanakuwa kama gundi. Huyu ndugu anahariri sauti, anahitaji utulivu wa kudumu, abadilishe.

pawa_kwanza

Nina mawili na yote ni muhimu.

La kwanza, pawa saplai USIIFUNGUE. Kapasita zake zinabaki na umeme mkali hata baada ya kuchomoa waya, na huo umeme hauchagui fundi wala mwanafunzi. Feni yake ikiwa ndo mbovu badilisha pawa saplai nzima, tena kama ina umri sawa na mashine inastahili kupumzika. Chagua yenye feni ya 120 ikiwa kesi inapokea.

La pili, angalia kama mashine yako ni zile zilizokuja zimekamilika kutoka kiwandani kwa ajili ya maofisi. Baadhi zina soketi za feni za aina yao, pini 5 au mpangilio wa waya tofauti, na BIOS yake (programu ndogo ya kwenye madabodi inayoanza kabla ya Windows) inakagua spidi ya feni wakati wa kuwasha, isipoiona au ikiona iko chini ya inavyotegemea inakuwekea ujumbe wa kosa na kukusimamisha mpaka ubonyeze kitufe. Kwa mashine za hivyo tafuta feni yenye namba ileile iliyoandikwa kwenye stika, au waya wa kubadilishia soketi wa modeli hiyo hiyo.

msikilizaji

Asanteni sana wakuu, nimefanya kila kitu. Vumbi lilikuwa kama blanketi kwenye prosesa, baada ya kulitoa ule upandaji wa kelele umepungua wazi. Mkwaruzo ni ya nyuma, nimeigusa kitovu ukakatika kabisa. Ni ya 80, pini 3, ila soketi kwenye madabodi ina pini 4. Mashine siyo ya ofisi, iliungwa. Ya prosesa inazunguka vizuri na pawa saplai imetulia. Lakini nikisimamisha ya nyuma nasikia kitu kingine, uvumi mdogo wa mmmm unaopita mpaka kwenye meza. Halafu kesi nyuma ina matundu ya 80 na ya 92, niweke ipi?

bibi_bisibisi

Weka ya 92 bila kufikiria mara mbili, pini 4. Feni kubwa inasukuma hewa ileile kwa mwendo mdogo na mwendo ndo mama wa kelele: feni ileile ukiishusha spidi kwa nusu, hewa inapungua nusu lakini kelele zinashuka kama desibeli 15. Ndo maana mi sihangaiki sana na jina la kampuni, Noctua na Arctic wote wanatengeneza feni nzuri, cha kuangalia ni feni inayoweza kushuka mpaka mizunguko mia kadhaa kwa dakika na yenye beringi ya majimaji, yaani mhimili unaelea kwenye mafuta.

Ukishaifunga ingia BIOS, tafuta sehemu ya kudhibiti feni, kila kampuni ina jina lake, weka izunguke polepole mpaka prosesa ifike nyuzi 60 hivi ndo ianze kupanda kwa mteremko mpole. Mteremko mkali ni mbaya kuliko feni ya kelele, inapanda inashuka inapanda inashuka, sikio haliwezi kuizoea. Kisha fungua kazi yako nzito kabisa uache nusu saa huku unaangalia joto. Ikikaa kwenye 70 na kitu uko salama, prosesa nyingi za Intel zinajipunguza spidi zenyewe zikikaribia 100 ila usizifikishe huko.

fundi_waya

Huo mmmm wa kwenye meza ni hadidiski. Inazunguka mara 5400 au 7200 kwa dakika na imefungwa chuma kwa chuma, kesi nzima inakuwa spika. Weka vishikio vya raba kati yake na kesi, ukiweza hamishia mfumo kwenye SSD (diski isiyo na kitu kinachozunguka) na hiyo ya zamani ibaki ya kuhifadhia tu ijizime ikiwa haitumiki. Na feni mpya ifunge kwa pini za raba badala ya skrubu, nyingi zinakuja nazo kwenye boksi.

msikilizaji

Nimeelewa vizuri. Swali la mwisho, ya nyuma inatakiwa kuvuta ndani au kutoa nje? Hii ya zamani sikuangalia kabla ya kuifungua.

bibi_bisibisi

Itoe nje. Upande wenye miguu ya plastiki inayoshika kitovu, ule wenye stika, ndo hewa inakotokea, kwa hiyo huo uangalie nje ya kesi. Feni nyingine zina mshale kwenye fremu. Ukimaliza weka kipande cha tishu nyuma ya kesi, kikisukumwa uko sawa, kikinata kwenye matundu igeuze.