Tumelipa yuro 140 kutazama machweo Rhodes, tukaoneshwa ndala za ngozi

Wanajukwaa,

Naandika nikiwa bado nina hasira, ingawa siku kumi na moja zimepita tangu turudi, na hasira yenyewe haitokani na fedha peke yake. Mwezi Septemba mimi, mke wangu, mama mkwe na kijana wetu wa miaka 14 tulikwenda kisiwa cha Rhodes, Ugiriki. Kabla ya kuondoka nyumbani Rotterdam nilikuwa nimenunua kwa kadi ya benki ziara ya kutembea kwa miguu katika mji wa kale, iliyotangazwa kuwa “ziara ya machweo”, kwa yuro 35 kila kichwa, kijana naye akitozwa bei ya mtu mzima. Tangazo liliahidi kwamba tungetazama jua likizama baharini, tungepanda mtaa wa watawa wapiganaji, wale wanajeshi wa shirika la dini la Kikristo waliowahi kukitawala kisiwa, hadi kwenye kasri lao, na tungetembelea mtaa wa zamani wa Wayahudi. Ahadi ya kwanza haikutimizwa, ya tatu haikutimizwa, na ile ya pili ilitimizwa kwa namna ambayo ingekuwa afadhali tukatembea wenyewe tukiwa kimya. Kampuni sitaitaja, kwa sababu dai langu liko mezani benki na sitaki lichanganywe na maneno ya mtandaoni.

Ni lazima nieleze kwanza kwa nini tulikwenda Rhodes na si kwingine, maana bila hilo mtadhani ninalalamikia machweo tu. Mama mkwe ni mzaliwa wa Lubumbashi, na marehemu baba yake alikuwa karani katika duka la nguo la mmoja wa Wayahudi waliotoka kisiwa hicho. Wasomaji wa Kongo wanaijua habari hii kuliko mimi: tangu enzi za Wabelgiji, mji ulipokuwa ukiitwa Elisabethville, familia nyingi za Wayahudi wa Rhodes zilihamia Katanga kufanya biashara, na hata Moïse Katumbi, aliyewahi kuwa gavana wa Katanga, baba yake Nissim Soriano alikuwa Myahudi wa kisiwa hicho. Mama alikua akilisikia jina la Rhodes dukani kama mtoto wa Unguja anavyolisikia jina la Muscat ya Omani, na alipotimiza miaka 70 alituambia kwamba anatamani kuuona mtaa ambao mwajiri wa baba yake alikuwa akiuzungumzia huku machozi yakimlengalenga. Basi mimi nilitaka machweo, yeye alitaka mtaa, na ziara ile ilidai kuwa na vyote viwili.

Jambo la pili ni kwamba kazi hii naifahamu. Kabla sijahamia Uholanzi nilitembeza wageni Mji Mkongwe wa Zanzibar kwa miaka tisa, nikiwa na leseni, na najua jinsi mtembezaji anavyochoka, jinsi mgeni anavyoweza kuwa msumbufu, na jinsi kamisheni ya dukani inavyomshawishi mtu ambaye mshahara wake haumtoshi. Sisemi kwamba sisi ni malaika. Mapapasi wa Forodhani, wale vijana wanaowanasa watalii pale ufukweni mwa Mji Mkongwe, mnawajua. Lakini hata papasi wa Forodhani hawezi kukuuzia machweo mahali ambapo jua halionekani.

Tulikutana saa kumi na moja na nusu jioni Mandraki, ile bandari ndogo yenye nguzo mbili zilizobeba sanamu za paa dume na jike. Tulikuwa watu 27. Kijana aliyetuongoza hakuwa na kitambulisho chochote kifuani, wala hakuwa na kipaza sauti, kwa hiyo waliokuwa nyuma, tukiwamo sisi tuliokuwa tukienda kwa mwendo wa mama, tulisikia nusu ya maneno. Nusu hiyo ilitosha kunitia wasiwasi, kwani alianza kwa kutuambia kwamba sanamu kubwa ya mungu wa jua, ile iliyohesabiwa miongoni mwa maajabu saba ya dunia ya kale, ilisimama papo hapo ikiwa imetanua miguu, mmoja upande huu na mwingine upande ule, na merikebu zikipita katikati. Hiyo ni hekaya iliyozuka karne nyingi baada ya sanamu kuanguka. Sanamu ilikuwa na urefu wa takribani mita 33, ilikamilika karibu mwaka 280 kabla ya Kristo na ikaangushwa na tetemeko la ardhi baada ya miaka kama hamsini na kitu. Sanamu ya shaba ya kimo hicho isingeweza kusimama imetanua miguu juu ya mlango wa bandari ile, na mahali hasa iliposimama hapajulikani hadi leo. Hekaya si dhambi, hata mimi nilikuwa nazo zangu, lakini mgeni hupewa hekaya kwa jina la hekaya.

Mtaa wa watawa wapiganaji, ambao Wagiriki huuita Ippoton, ni mzuri kweli, na hapo sina la kulalamika ila juu ya mwendo. Ni mtaa ulionyooka, wenye urefu wa kama mita 200, ukipanda kutoka kwenye hospitali ya zamani ya watawa wale hadi kwenye kasri la mkuu wao, na pande zote mbili zimejaa nyumba za mawe ambazo kila kundi la lugha, Wafaransa, Waitalia, Wahispania na wengineo, lilikuwa na yake. Chini ni kokoto zilizopangwa kwa ubavu, zinazoteleza na kuuma nyayo. Tangazo lilisema njia ni rahisi kwa kila umri. Mama alikuwa amevaa raba nzuri na bado ilitubidi tumshike mkono huku na huku, na kijana yule wa ziara hakugeuka hata mara moja kutazama kama kundi lake lote liko nyuma yake.

Kwenye lango la kasri alitutangazia kwamba tunachokitazama ni jengo la karne ya 14 ambalo halijaguswa tangu wapiganaji wale waondoke. Nilishindwa kujizuia. Kasri lile lilibomolewa na mlipuko wa baruti mwaka 1856, na linaloonekana leo lilijengwa upya na Waitalia kati ya 1937 na 1940, walipokuwa wakikitawala kisiwa hicho na jirani zake, wakatandaza sakafuni michoro ya vijiwe waliyoibeba kutoka kisiwa cha Kos. Nilimwambia kwa adabu, na kwa sauti ya chini ili nisimwaibishe mbele ya watu. Akanijibu kwamba yeye amezaliwa pale. Mimi nami nimezaliwa Malindi, Unguja, na hilo halinifanyi nijue mwaka wa kujengwa kwa Beit al-Ajaib, lile jumba la masultani wa Zanzibar. Niliujua kwa kujifunza.

Msikiti wa Suleiman tuliupita kwa sentensi moja tu. Ni msikiti unaobeba jina la sultani aliyeutwaa mji ule mwaka 1522 baada ya kuuzingira kwa miezi sita, na ng’ambo yake kuna maktaba ya Hafiz Ahmed Agha ya mwaka 1793. Kijana akasema ni jengo la Waturuki, akaendelea kushuka. Mke wangu alipouliza kama Waislamu wapo bado kisiwani, alijibiwa kwamba waliondoka wote mwaka 1923 wakati Ugiriki na Uturuki zilipobadilishana watu. Si kweli hata kidogo: mwaka huo Rhodes ilikuwa chini ya Italia, ndiyo maana mabadilishano yale hayakuigusa, na ndiyo maana jamii ya Waislamu ipo Rhodes hadi leo. Kwa mtu aliyevaa hijabu kuambiwa hivyo na mtu anayelipwa ili ajue, hatua chache tu kutoka mlango wa msikiti, ni jambo la kuudhi kwa namna yake.

Sasa nifike kwenye kiini cha malalamiko yangu. Ilipofika saa kumi na mbili na nusu tulikuwa katika mtaa wa Sokratous, ambao ndio mtaa wa maduka, na kundi zima likaingizwa katika duka la ndala na mikoba ya ngozi “kwa dakika tano, mpumzike”. Tulikaa dakika 40. Mwenye duka alimjua kijana wa ziara kwa jina, akampa kiti na kahawa, nasi tukaoneshwa jinsi ngozi inavyokatwa, inavyonuswa na inavyochomwa kwa kiberiti ili ithibitike kuwa si plastiki. Nilimfuata kijana mara mbili kumkumbusha kwamba siku ile jua lilikuwa likizama saa moja na dakika kumi na mbili. Mara ya kwanza alisema tuna muda. Mara ya pili alisema tutaliona kutoka uwanja ulio chini, mbele ya bandari.

Mtu aliyekulia upande wa Forodhani hahitaji dira ili ajue magharibi iko wapi. Mji wa kale wa Rhodes uko karibu na ncha ya kaskazini-mashariki ya kisiwa, bandari zake zinatazama kaskazini na mashariki, na magharibi ya mji kuna mwinuko unaolifunika jua mapema. Kutoka bandarini unaweza kuona jua likichomoza; hulioni likizama baharini, si Septemba wala mwezi mwingine wowote. Anayetaka kuliona anapanda kilima cha Monte Smith, upande wa pili wa mji mpya, penye mabaki ya hekalu la Apolo na kiwanja cha kale cha michezo, ambako bahari yote ya magharibi iko chini yako. Aliyetunga tangazo lile analijua hili kama anavyoujua mlango wa nyumba yake, na bado aliweka picha ya jua likigusa maji, picha ambayo haikupigwa popote kwenye njia tuliyopitishwa. Huku si kughafilika. Ni kuuza kisichokuwapo, na hiyo ndiyo sababu nimeufungua uzi huu badala ya kunyamaza na kuhesabu hasara.

Tulitoka dukani giza likianza kuingia. Uwanja tulioahidiwa ni ule wa Ippokratous, wenye chemchemi katikati na migahawa pande zote, na hapo kijana akatuaga. Nikamwuliza kuhusu mtaa wa Wayahudi. Akasema muda umekwisha, na kwamba hata hivyo “hakuna cha kuona kule”. Mama haelewi Kiingereza. Aliniomba nimtafsirie, nami, Mungu anisamehe, nilimwambia tu kwamba kijana amechoka.

Kesho yake ndipo nilipogundua kwamba kutoka kwenye chemchemi ile, ukifuata mtaa mmoja kuelekea mashariki, hufikishi dakika tano kabla hujaingia katika uwanja wa Mashahidi wa Kiyahudi. Dakika tano, baada ya dakika 40 za ngozi. Uwanjani pale lipo jiwe jeusi la kuwakumbuka Wayahudi wa Rhodes na Kos ambao Wajerumani waliwakusanya mwezi Julai 1944, wakawapakia kwenye majahazi hadi bandari ya Piraeus na kutoka huko kwa treni hadi kambi ya mauaji ya Auschwitz. Jiwe linataja watu 1,604. Karibu yake, katika kichochoro, lipo sinagogi la Kahal Shalom la mwaka 1577, lenye sakafu ya kokoto nyeusi na nyeupe, ambalo ndilo kongwe kuliko yote yanayotumika bado Ugiriki. Tulifika asubuhi, wenyewe, bila mtu wa kutuongoza, na mama alikaa kwenye benchi la mbao kwa muda mrefu akitaja majina ya ukoo aliyoyakumbuka kutoka kwenye mabango ya maduka ya Lubumbashi. Jioni yake tulipanda basi la mjini hadi Monte Smith na kuliona jua likizama, kwa gharama ya nauli tu.

Nilipoiandikia kampuni nikidai nirudishiwe fedha, jibu lilikuja baada ya siku tatu. Waliniambia kwamba neno “machweo” katika jina la ziara linaonesha wakati ambapo ziara inafanyika na si kitu ambacho mteja ataoneshwa, kwamba njia inaweza kubadilika kulingana na mwendo wa kundi, na kwamba kama ishara ya wema wananipa punguzo la asilimia 15 nikinunua ziara nyingine. Kwa hoja hiyo, mtu anayekuuzia chakula cha mchana anaweza kukuletea sahani tupu saa saba. Na huo mwendo wa kundi waliousingizia ni mwendo wa bibi wa miaka 70 juu ya kokoto za njia waliyoiita rahisi.

Nimewasilisha dai benki ili malipo yale ya kadi yarudishwe, kwa hoja kwamba huduma haikuwa ile iliyoelezwa. Nimeambatanisha tangazo, barua zao na ramani. Afisa wa benki ananitaka nithibitishe kwamba jua halikuoneshwa, na hapo ndipo ninapoomba msaada wa yeyote humu aliyewahi kushinda dai la namna hii akiwa katika nchi za Umoja wa Ulaya: je, picha yenye saa yake inakubalika kama ushahidi? Ninayo moja, aliyoipiga kijana wangu saa moja na dakika kumi na mbili kamili. Ndani yake yumo kijana wa ziara na kikombe chake cha kahawa, mama amekaa juu ya boksi, na nyuma yao ukuta mzima wa ndala.