Globu ya taa ya mbele: nirudi kwenye halojeni au nihamie LED?

MwendoPole: Wakuu habari zenu. Globu ya mbele imekufa upande wa dimu, fulu bado inawaka. Kwenye kitako imeandikwa HS1 12V 35/35W, pikipiki ni cc 125. Sasa kabla sijanunua ileile nataka mawazo, maana hata ilipokuwa nzima mwanga wake ulikuwa wa kubahatisha. Mmoja ananiambia weka globu ya H4 ya wati 60/55 inaingia tu, mwingine LED, mwingine HID, ile ya gesi isiyo na waya wa kuwaka ndani. Natembea sana usiku na mvua hainiachi.

Usiku_Mrefu: LED mkuu, usijiulize mara mbili. Inakula umeme kidogo, mwanga mweupe, haina waya wa ndani wa kukatika kwa mtikisiko. Mi siwezi kurudi kwenye ule mwanga wa njano.

Spana_Kumi: Taratibu kwanza. Hiyo H4 "inaingia tu" ni baada ya watu kupiga tupa vijino vya kitako, vinafanana ila si kitu kimoja. Alafu wati 35 kwenye volti 12 ni kama ampea 3, wati 55 inakaribia 5. Magineto, yaani jenereta ya pikipiki ndogo, haikupangiwa mzigo huo, betri itakuwa haijai, soketi inaanza kuyeyuka na reflekta ya plastiki inababuka kwa joto. Mimi hiyo ningeitoa kwenye orodha leo.

Mama_Gia: Kabla ya LED jua kwanza taa yako inakula wapi. Zima injini, washa swichi. Ikiwaka basi ni ya betri, DC. Isipowaka usikimbilie kusema ni AC, ya moja kwa moja kutoka magineto, kuna pikipiki taa inasubiri injini hata kama ni ya betri, kwa hiyo washa injini uangalie kwenye sailensa, yaani injini ikizunguka taratibu bila resi: kama mwanga unafifia halafu ukipiga resi unapanda sana, inatoka moja kwa moja kwenye koili ya magineto. LED ya kawaida hapo itacheza cheza, utaumwa macho bure. Na pima nafasi ya nyuma ya taa, LED nyingi zina feni au bati la kutolea joto refu, mtu anashindwa kurudisha mpira wa kuziba anaacha wazi, maji yanaingia.

Usiku_Mrefu: Dada yangu haina feni, imenikalia vizuri tu.

Mama_Gia: Ya kwako sawa kaka. Je wanaokuja mbele yako hawakupigii fulu?

Usiku_Mrefu: Wachache 😅

Mama_Gia: Basi ndo hilo. Reflekta ya halojeni ilichorwa kufuata pale waya unapowaka, chipu za LED zikikaa pembeni kidogo tu mwanga unatawanyika juu, wewe unaona kweupe karibu na tairi ukadhani unaona mbali. Weka pikipiki mbele ya ukuta uwashe dimu, kama hakuna mstari unaoeleweka kati ya mwanga na giza, hiyo LED inawapofusha wenzio. Kwenye mvua ule weupe wa bluu ndo unarudi usoni kabisa.

Spana_Kumi: HID hata tusiijadili, inataka balasti (kifaa cha kuipa volti kubwa), inataka taa yenye projekta (lenzi ya kuelekeza mwanga), na inachukua sekunde kadhaa kupata mwanga kamili, sasa utampigia mtu fulu ya haraka saa ngapi.

Ila MwendoPole, ulisema hata ilipokuwa nzima ilikuwa hafifu. Pima volti kwenye betri injini ikizunguka, inatakiwa kama 13.5 hadi 14.5, alafu pima palepale kwenye soketi taa ikiwa imewaka. Halojeni ikipungukiwa volti kwa asilimia 10 inapoteza karibu asilimia 30 ya mwanga, watu wanalaumu globu kumbe ni waya. Ikizidi 15 regyuleta (kidhibiti volti) imekufa, utanunua globu kila siku.

MwendoPole: Nimepima. Injini ikizimwa taa inawaka, so ni DC. Betri 14.1, soketi 12.2! Nimefungua soketi, pini ya ethi (hasi) ni nyeusi na plastiki imelainika.

Spana_Kumi: Umeshapata mchawi. Badilisha soketi, vuta ethi mpya, weka rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) yenye fyuzi, waya utoke betri moja kwa moja. Alafu HS1 ya 35/35 ya kampuni inayoeleweka. Kioo usikishike kwa vidole, mafuta ya mkono yanaunguza doa pale, ukishika futa na spiriti. Zile zilizoandikwa mwanga zaidi +100 zinang'aa kweli ila haziishi.

Usiku_Mrefu: Na ukishamaliza waya jaribu LED 😂

MwendoPole: Kwanza rilei mkuu. Ya pini nne inatosha au lazima tano? Na fulu na dimu zinahitaji kila moja yake?

Mama_Gia: Nne inatosha, na ndio, mbili. Moja ya dimu, moja ya fulu, waya za zamani zinabaki kuamrisha tu. Ukimaliza rekebisha na kimo cha taa ukiwa umekaa juu ya pikipiki, sio ikiwa kwenye stendi.