Tupeane uzoefu: ni wakati gani ulijua kwamba Adriana hatarudi?

Mleta mada

Salamu kwenu nyote. Naomba uzi huu tuuweke kwa sehemu moja tu ya The Sopranos, ile tamthilia ya Marekani kuhusu genge la mafia la New Jersey, nayo ni ya 12 katika msimu wa 5, iitwayo "Long Term Parking", ambayo kituo cha televisheni cha HBO kiliirusha kwa mara ya kwanza tarehe 23 Mei 2004. Ambaye hajaitazama na angependa kuitazama bila kuujua mwisho wake, namshauri aishie hapa.

Kwa kukumbushana tu: Adriana La Cerva, mchumba wa Christopher Moltisanti ambaye ni mwanagenge, amebanwa na FBI, makachero wa serikali ya Marekani, tangu msimu uliotangulia. Walianza kwa kumpandikizia kachero wa kike aliyejifanya shoga yake, wakaendelea kwa vitisho, na mtu alipouawa ndani ya klabu aliyokuwa akiisimamia, naye akasaidia kuficha ushahidi, wakawa wamempata kabisa. Anamweleza Christopher ukweli wote na kumsihi wakimbie pamoja, wapewe majina mapya na maisha mapya. Christopher anamkaba koo karibu amuue, kisha anaangua kilio, kisha anaonekana amekubali, anatoka. Baadaye simu inalia. Ni Tony, bosi wa genge, anasema Christopher amejaribu kujiua, yuko hospitalini, na Silvio, msaidizi wake wa karibu, anakuja kumchukua Adriana ampeleke.

Siulizi kama sehemu hii ni nzuri, kwani Terence Winter aliyeiandika alipewa tuzo ya Emmy mwaka huohuo, na Drea de Matteo na Michael Imperioli nao wakapewa zao kwa uigizaji. Ninachouliza ni wakati gani wewe ulikata tamaa. Nimezungumza na watu wengi juu ya jambo hili na kila mmoja ananitajia sekunde yake, na ninaamini kwamba pale mtu alipokata tamaa panaonyesha alikuwa amemwamini nani tangu mwanzo.

Mimi nilishikilia hadi ndani ya gari. Tunamwona Adriana akiendesha gari lake peke yake, sanduku lake likiwa kando, barabara ni nyeupe, muziki unapiga, nami nikashusha pumzi kwa sababu niliamini kwamba ameing'amua ile simu na ametoroka. Kisha picha inarudi, na kumbe amekaa kiti cha abiria pembeni ya Silvio, na ile safari ilikuwa kichwani mwake tu. Sijawahi kuumizwa na tamthilia kama nilivyoumizwa na ule mkato mmoja wa picha.

Mchangiaji, Jersey City

Nashukuru kwa mada hii, ndugu yangu, maana mimi niliitazama siku ileile iliporushwa. Wakati huo nilikuwa nikifanya kazi ya kutunza wazee huku New Jersey, na Jumapili usiku tulikuwa tunakusanyika kwa Mkongo mmoja aliyekuwa amelipia HBO, kila mtu akichangia chakula. Kwetu tamthilia hii ilikuwa na ladha ya pekee kwa kuwa zile barabara za mwanzo wa kila sehemu, Tony akitoka kwenye handaki na kuchukua tiketi ya ushuru wa barabara, tulikuwa tunazipita wenyewe kwenda kazini.

Mimi nilijua kwenye ile simu. Sauti ya Tony ilikuwa ya upole mno, na Tony akiwa mpole kwa mtu asiyekuwa mtoto wake, basi kuna jambo. Nilisema kwa sauti, "Usiende," na mwenye nyumba akaniambia ninyamaze.

Lakini ninalotaka hasa kulieleza ni la Jumatatu yake. Kazini tulikuwa na wauguzi na wahudumu wenye asili ya Italia, watu wa maeneo yaleyale yanayoonyeshwa, na kutwa nzima hapakuwa na mazungumzo mengine. Baadhi yao walikuwa na huzuni ya kweli, kama waliofiwa. Wengine, na walikuwemo wanawake pia, walisema wazi kwamba alistahili kwa sababu alitoa siri. Mama mmoja mtu mzima, mpole kuliko wote pale, alisema mtu anayezungumza na serikali anajua mwisho wake. Nilikaa nikimtazama. Miaka mitano tulikuwa tumempenda msichana yule sote pamoja, na sheria ya wale majambazi ilikuwa imewaingia watazamaji bila wao kuhisi.

Mchangiaji, Nakuru

Kwangu ni kituo cha mafuta. Nashangaa hakitajwi sana.

Christopher ametoka nyumbani akisema anakwenda kununua sigara, na akili yake bado haijaamua. Anasimamisha lile gari lake kubwa la Hummer kituoni, na hapo anaona familia moja: baba mwenye nywele ndefu za kisogoni, mke, watoto, wote wakijipakia kwenye gari kuukuu. Anawatazama. Hakuna anayesema neno, hakuna muziki wa kutuelekeza, na tukio lenyewe ni fupi. Lakini anachokiona pale ni yeye mwenyewe baada ya kukubali ulinzi wa serikali, mtu asiye na jina, asiye na fedha, asiyeogopwa na yeyote. Analitazama gari lake, na mimi nikajua kwamba Adriana amekwisha.

Niliitazama kwa diski za kukodi, pamoja na kaka yangu mkubwa ambaye wakati huo alikuwa amepoteza kazi na amerudi kuishi kwa wazazi. Aliomba nirudishe nyuma tuliangalie tena tukio lile. Baadaye akasema kwamba anamwelewa Christopher, kwamba mwanamume anaweza kuogopa umaskini kuliko anavyoogopa dhambi. Nilibishana naye hadi usiku, kwa sababu baba wa ile familia kituoni alikuwa na kila kitu ambacho Adriana alikuwa anakiomba: mke, watoto, na safari ya pamoja. Hatukuafikiana, na hadi leo tukikutana tunaweza kuuanza upya mjadala uleule.

Mchangiaji, Dodoma

Mimi nilikata tamaa Silvio alipoacha barabara kuu na kuingia penye miti. Kabla ya hapo nilikuwa bado natafuta hospitali dirishani.

Mchangiaji, Mombasa

Naomba niingie kwa upande mwingine kidogo. Mimi ni wakili, na nilikata tamaa mapema kuliko ninyi nyote, yaani pale Adriana alipowaomba makachero wampe nafasi ya kwenda kumshawishi Christopher, nao wakamruhusu arudi nyumbani peke yake.

Mpango wa Marekani wa kuwalinda mashahidi uliletwa na sheria ya mwaka 1970 iliyolenga uhalifu wa magenge, na unaendeshwa na idara ya U.S. Marshals, siyo FBI. Shahidi huondolewa kabisa mahali alipo, hupewa jina na makazi mengine, na hukatazwa kuwasiliana na watu wake wa zamani kiholela. Sisi Kenya tuna sheria yetu ya ulinzi wa mashahidi ya mwaka 2006, na wazo lake la msingi ni lilelile: anayetishiwa hutolewa kwanza kwenye hatari, mengine baadaye. Adriana alirudishwa katikati ya hatari, akiwa na siri yake mdomoni, kwa mwanamume ambaye makachero walikuwa wanajua fika ni mtu wa aina gani, kwa sababu walikuwa wanamtaka yeye na bosi wake kuliko walivyomtaka msichana.

Mtakumbuka mwisho wa ile sehemu ya msimu wa 4 ambapo wanamweleza kwa mara ya kwanza kwamba shoga yake ni kachero, na Adriana anatapika mezani mbele yao. Tangu dakika ile hadi kifo chake, hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa upande wake. Watazamaji wengi humlaani Christopher, na ni haki yao, lakini mimi hasira yangu kubwa nimeielekeza kwa Sanseverino, yule kachero wa FBI aliyekuwa akimsimamia Adriana. Christopher hakuwahi kumwahidi mtu kwamba yeye ni mlinzi.

Mleta mada

Wakili, umenifanya nilitazame upya jambo ambalo nilikuwa nimelipita. Ahsante sana. Dada na mama zetu wapo kimya. Ningependa kuwasikia nao.

Mchangiaji, Tanga

Nipo, kaka, nilikuwa nasoma kwanza.

Nimesoma michango yote na naona mmeanza kuhesabu baada ya Adriana kusimama kutoka sakafuni. Mimi sikuhitaji simu, wala gari, wala msitu. Mwanamume amekushika koo kwa mikono miwili hadi macho yakakutoka, kisha analia kifuani pako na wewe ndiye unayembembeleza: hapo ndipo nilipojua. Mtazameni Adriana katika dakika zile. Shingo yake bado inauma, na anachofanya ni kumpangusa machozi aliyemkaba. Nimekulia mtaa ambao tuliyasikia mambo hayo kupitia ukuta, na kulipokucha tunamwona mama yuleyule akimchotea mumewe maji ya kuoga. Kwa hiyo sikushangaa, ila niliumia kwa namna ya mtu anayekijua kinachofuata.

Mdogo wangu wa kike yeye hakukubali kabisa. Alishikilia kwamba hatukuonyeshwa mwili. Na ni kweli: Silvio anamvuta nje ya gari, Adriana anatambaa kwa mikono na magoti juu ya majani makavu hadi anatoka kwenye picha, milio ya risasi tunaisikia tu, na kamera inapanda kwenye miti. Mdogo wangu akasema Silvio amempiga risasi ardhini na kumwachia. Christopher anapolitupa sanduku la Adriana na kuliacha gari lake kwenye maegesho ya uwanja wa ndege, akasema huo ndio ushahidi kwamba amesafiri. Tulipofika msimu wa 6, ile sehemu ya Carmela akiwa Paris, anamwota Adriana akiwa na mbwa wake, na askari wa Kifaransa anamwambia Carmela kwamba inabidi mtu amweleze rafiki yake huyo kuwa amekufa. Hapo mdogo wangu akanyamaza, akainuka akaenda chumbani.

Mchangiaji, Arusha

Dada wa Tanga, mdogo wako hakuwa peke yake, na watengenezaji wenyewe walimsaidia kuamini. Tukio ambalo Christopher anakwenda kwa Tony na kumweleza kwamba Adriana amezungumza na FBI halikuwekwa katika sehemu hii. Tulikuja kuliona mwaka 2006, katika sehemu iitwayo "The Ride". Fikirieni kama lingewekwa mahali pake mwaka 2004: simu ya Tony isingekuwa na fumbo lolote, safari ya gari isingekuwa na tumaini, na uzi huu usingekuwepo.

Mimi nafanya kazi ya kuhariri video za harusi na mikutano, ndiyo maana jambo hili linanikaa moyoni. Mteja siku zote anataka kila kitu kionekane, na kwa mfululizo wake. Hapa waliondoa maelezo yote ya usaliti, wakabakiza kituo cha mafuta na simu, wakatuachia sisi tuamue kama Christopher amemuuza. Mimi niliamua kwamba hajamuuza. Niliamini kuwa Tony amegundua kwa njia zake, na kwamba Christopher kweli amejaribu kujiua kwa ajili ya mapenzi. Niliamini hivyo hadi nilipomwona Christopher akiwa hai, akivitupa vitu vya Adriana. Sikuona kifo pale. Niliona kwamba mwanamume ametulia kiasi cha kukumbuka mahali pa kuliacha gari.

Wakili wa Mombasa anisamehe, lakini mimi bado namlaumu Christopher kwanza. Sanseverino alimtumia mtu asiyemjua vizuri. Yule mwingine alimjua, alilala naye, alimwita mke wake mtarajiwa, na alipewa nafasi ya kuondoka naye ndani ya gari moja.