Vichujio vya admini ya Django kwenye simu: nataka kupeleka pendekezo, nisaidieni kulinoa

nyasa_msimbo

Wakuu, habari za kazi.

Natunza mfumo wa chama cha ushirika cha kahawa huku Mbinga. Umejengwa kwa Django, mfumo huria wa Python wa kutengenezea tovuti, na makarani wa vituo vya kupokea kahawa wanafanya kazi moja kwa moja ndani ya admini, yaani kurasa za usimamizi zinazokuja na Django, hakuna kiolesura kingine. Msimu ukikolea, karani yuko pembeni ya mizani, simu mkononi, na mkulima amesimama mbele yake anataka kujua kama mzigo aliouleta juzi umeingizwa. Karani anafungua orodha ya mapokezi. Taabu inaanzia hapo.

Kwenye kompyuta vichujio, yaani viungo vya kupunguza orodha kwa kituo au tarehe, vinakaa kulia mwa orodha, unaviona papo hapo. Kwenye simu, upana wa skrini ukiwa pikseli 767 kushuka chini, CSS ya admini (kanuni za mwonekano wa ukurasa) inavipeleka chini ya orodha nzima. Na orodha hiyo, usipogusa `list_per_page`, inatoa mistari 100 kwa ukurasa. Kwa hiyo anayetaka kuchuja kwa kituo anaburuza kidole mpaka mwisho ndipo avikute. Akigusa jina la kituo, ukurasa unapakiwa upya na anajikuta juu tena. Akitaka kuongeza "Siku 7 zilizopita", anashuka upya. Kwa mtandao wa huku milimani, hiyo ni foleni inayorefuka na watu waliotembea na magunia.

Kuna karani mmoja, mama mtu mzima, hesabu zake hazipindi hata kilo moja. Alikuwa anatafuta majina kwa macho, mstari kwa mstari. Nilipomshushia ukurasa mpaka kwenye vichujio akaniuliza: "Sasa mwanangu, hivi mmeviweka huku chini ili nani avione?" Sikuwa na jibu, na naona swali lake linawahusu wanaotengeneza Django yenyewe, si mimi na chama chetu tu.

Pendekezo langu: kwenye skrini ndogo, juu ya orodha kuwe na kitufe kimoja cha kufungua vichujio, kikiwa kimefungwa mwanzoni, na kionyeshe kama kuna kichujio kinachofanya kazi. Basi.

Naomba kujua: nianzie wapi ili lisikilizwe? Na je, nitaambiwa admini haikutengenezwa kwa matumizi kama haya?

fundi_wa_bandari

Mkuu, mbona jambo dogo hilo. Weka `list_per_page = 20`, halafu kwenye CSS yako mwenyewe ipe `#changelist-filter` `order: -1` kwa skrini ndogo. Vichujio vinapanda juu, makarani wanafurahi, unalala.

Kuhusu kupeleka huko juu kwa watengenezaji wa Django, jiandae. Nyaraka za Django zinasema wazi kuwa admini ni chombo cha usimamizi wa ndani wa taasisi, si cha kujengea tovuti yako nzima. Wengi wamejibiwa kwa sentensi hiyo.

nyasa_msimbo

Asante kaka. Mistari nilishapunguza, imesaidia kidogo, lakini hata mistari 20 kwenye simu ni skrini kadhaa, na sasa karani anahangaika na kurasa nyingi zaidi.

Hiyo sentensi ya nyaraka naikubali, na naona iko upande wangu. Karani wa chama ni mtu wa ndani. Ana akaunti, ana ruhusa zake, anaingiza na kukagua data ya taasisi yake. Django ilizaliwa kwenye chumba cha habari cha gazeti la Lawrence Journal-World huko Kansas, ikatolewa kwa umma mwaka 2005, na admini ilikuwepo ili waandishi wasiojua programu waweze kuingiza habari zao wenyewe. Karani wetu ni mtu yule yule, ila ofisi yake ni kibanda cha mizani na kompyuta yake ni simu. Tena toleo la 2.0, Desemba 2017, ndilo lililotangaza kuwa admini sasa inafaa kwa simu. Kama ni ahadi, naomba itimizwe mpaka mwisho.

Na hiyo CSS yako naweza kuiweka kwetu leo. Ninayemfikiria ni yule asiye na mtu wa kumwandikia CSS.

Zuhura_M

Kaka nyasa, pendekezo ni zuri, lipeleke. Ila hiyo `order: -1` usiipeleke kabisa, na hata kwenu ningekuomba usiiweke.

Sababu ni hii: `order` inahamisha kinachoonekana kwa macho tu. Ndani ya HTML vichujio vinabaki baada ya orodha. Anayetembea kwa kitufe cha Tab, au anayetumia kisoma skrini, atapita orodha yote kwanza halafu arushwe juu kwenye vichujio. Mpangilio wa macho na wa kibodi unapishana, na mradi wa Django una timu ya ufikivu, yaani ya kuhakikisha wenye ulemavu nao wanaweza kuutumia, inayoangalia mambo hayo. Watakurudishia, na watakuwa na haki.

Njia nzuri ipo nusu tayari. Kila kichujio sasa hivi ni `<details>`, lebo ya HTML ya sehemu inayofunguka na kujifunga, na admini inakumbuka kipi ulikifunga. Tangu toleo la 5.1 hata fieldset (makundi ya visanduku vya fomu) zinazokunjwa zinatumia `<details>` na `<summary>`, bila JavaScript. Fuata mtindo huo huo. Kazi ngumu ni kuamua kitufe kikae wapi ndani ya `change_list.html`, templeti (kiolezo) ya ukurasa wa orodha, kwa sababu watu wengi wameiandika upya templeti hiyo au bloku yake ya `filters`, sehemu ya vichujio. Ukibadilisha muundo, baadhi ya kurasa zao zitaharibika, kwa hiyo lisemee hilo mwenyewe kabla hujaulizwa.

Namna ya kuanza: tafuta kwanza kwenye Trac, mfumo wa Django wa kufuatilia hitilafu na maombi, tiketi za `contrib.admin` (sehemu ya admini) zenye alama ya UI/UX, yaani za mwonekano na urahisi wa matumizi, pamoja na zilizofungwa kwa "wontfix" (hazitafanyiwa kazi), usome kwa nini zilifungwa. Kipengele kipya hujadiliwa kwanza kabla ya tiketi. Peleka picha za skrini, kabla na baada. Majaribio ya Django yenyewe ya Selenium, chombo cha kuendesha kivinjari kiotomatiki, yanaweza kupiga picha kwa ukubwa wa simu, kwa mandhari ya giza, na kwa lugha za kulia kwenda kushoto, zitumie zote. Na yule mama wa hesabu mtaje. Hoja za jumla wameshazisikia sana, karani wa kahawa mwenye simu hawajamsikia.

Usiogope kuwa unatoka mbali. DjangoCon Africa ya kwanza, mkutano wa watumiaji wa Django, ilifanyika Zanzibar, Novemba 2023. Wanajua tupo.

nyasa_msimbo

Dada Zuhura, ubarikiwe. La kibodi limenibadilishia mpango mzima. Nitatumia `<details>`, na kichwa nitaacha neno ambalo admini tayari inalo, ili wafasiri wa lugha zote wasiongezewe mzigo.

Naanza na tiketi za zamani wiki hii. Kuna mtu hapa mwenye mradi ulioandika upya `change_list.html`? Naomba nijaribu mabadiliko yangu juu ya templeti yenu kabla sijaandika neno lolote kule. Hata kama data ni ya uongo, nitumieni.

fundi_wa_bandari

Ninayo moja, ya mfumo wa ghala, tumeigusa sana hiyo bloku ya `filters`. Nakutumia leo jioni. CSS yangu naiondoa pia.