Naombeni ushauri: njiti wangu bado analishwa kwa mpira, nimwandaeje kunyonya?

Mama_wa_Wiki31: Habari zenu wapendwa. Nilijifungua mimba ikiwa na wiki 31, mtoto ana kilo 1.4. Leo ana siku 12, analishwa kwa mpira wa puani, mililita 18 kila baada ya saa 2. Jana nilimweka titini, akalamba tu na kulala. Mama mkwe anasema mtoto kakataa titi, nitafute maziwa ya kopo. Nami maziwa yanapungua, nikikamua yanafunika kitako cha kikombe tu. Nimechoka kulia.

Nesi_Njiti: Pole na hongera, mama. Huko kulamba ndiko kuanza kwenyewe. Kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio huanza kukaa sawa kati ya wiki ya 32 na 34, ukihesabu na zile za tumboni. Wako ndiyo kwanza anakaribia 33, hajakataa kitu. Mbebe kangaruu, yaani kifuani, ngozi kwa ngozi. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linashauri saa 8 hadi 24 kwa siku. Waombe manesi wa wodi hili: muda wa mpira ukikaribia, kamua titi mpaka lilegee, kisha umweke hapo alichezee wakati maziwa yanapita mpirani. Anazoea kwamba mdomo ukifanya kazi, tumbo linashiba.

Mama_Pacha: Dada, maziwa yatarudi. Kamua mara 8 au zaidi kwa saa 24, na usiku usiruke. Mimi nilikuwa naamka saa tisa usiku, napasha kitambaa moto nakanda kwanza. Vidole viweke nyuma ya ule weusi unaozunguka chuchu, sukuma kuelekea kifuani ndipo ubane, usivute chuchu. Ukitoka tu kumbeba, hapohapo kamua, utaona tofauti.

Baba_Kifua: Mwambie na mumeo avue shati ambebe. Mke wangu akilala, mimi ndiye niliyembeba mtoto, kafungwa kwa kanga.

Mama_wa_Wiki31: Asanteni sana. Je, nimjaribie kijiko mwenyewe? Jirani wa kitanda anafanya hivyo.

Nesi_Njiti: Hapana mama, usijaribu bila nesi pembeni. Muda wake ukifika utafundishwa kikombe: mtoto anakaa nusu wima, ukingo unagusa mdomo wa chini, anayafuata maziwa mwenyewe kwa ulimi. Kumimina ndiko kunakopalia. Akigeuka rangi au pumzi ikikatika, acha mara moja na uite msaada. Na huyo mama jirani, tafadhali mwambie nesi wa zamu leo hii.

Mama_wa_Wiki31: Nimemwambia, wamemsaidia vizuri. Mume wangu kambeba mchana kutwa. Jioni nimekamua, nikamdondoshea tone moja mdomoni. Katoa ulimi, kashika chuchu, kavuta mara tatu, kapumzika, kavuta tena mara mbili. Kikombe kimefika nusu. Saa tisa usiku naamka.